Ngazi za Mshahara na Ukongwe Kazini kwa Dereva Mpya wa UPS Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka Waswahili wengi wanaoishi Marekani huingia kazi ya vifurushi, hasa Louisville, Kentucky, ambako UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ina kituo chake kikubwa cha ndege, Worldport, na ambako jamii ya Wakongomani na Waafrika Mashariki wengine imekua sana. Wengi huanza kwa kupakia usiku, kisha hutamani usukani. Wakifika kwenye usukani hukuta mambo mawili ambayo hakuna aliyewaeleza vizuri: mshahara unaopanda kwa ngazi, na foleni ya ukongwe, yaani nani alianza kabla ya nani, inayoamua karibu kila kitu kingine. Majibu haya yanahusu dereva wa muda kamili wa gari la vifurushi, lile la rangi ya kahawia. Madereva wa malori makubwa wana utaratibu wao.

Mkataba unaotawala mshahara wangu ni upi?

Ni mkataba wa taifa kati ya UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Ulianza tarehe 1 Agosti 2023 na utaisha tarehe 31 Julai 2028. Wanachama waliupitisha Agosti 2023 kwa asilimia 86.3 ya kura.

Chini yake kuna viambatisho vya kanda na vya matawi. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mkataba wa taifa unasema utalipwa kiasi gani, lakini kiambatisho cha kanda yako ndicho kinachosema siku zako za majaribio ni ngapi, ruti zinagombewa vipi, na una siku ngapi za kupeleka malalamiko. Rafiki yako aliyeko Dallas anaweza kukupa jibu la kweli kabisa kwake, lakini wewe uliyeko Columbus likakuponza. Mwombe mwakilishi wa chama kituoni kwako nakala ya vyote viwili, mkataba na kiambatisho. Ni haki yako.

Naanza na dola ngapi, na napandaje?

Dereva aliyeingia kazini baada ya tarehe 1 Agosti 2023 hupanda hivi, kwa saa:

Kuanza: dola 23.00
Baada ya miezi 12: dola 24.00
Baada ya miezi 24: dola 25.00
Baada ya miezi 36: dola 30.75
Baada ya miezi 48: kiwango cha juu cha eneo lako

Tazama umbo la ngazi hii. Miaka mitatu ya kwanza inapanda dola moja moja tu, kisha inaruka. Kwa wiki ya saa 40 mwaka mzima, bila saa za ziada, mwaka wa kwanza unaleta dola 47,840 kabla ya kodi, wa pili 49,920, wa tatu 52,000 na wa nne 63,960. Kwa hiyo ukisikia dereva wa UPS anapata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, jua kwamba anayezungumziwa ameshamaliza ngazi zote na anafanya saa za ziada. Usichukue mkopo wa nyumba au wa gari kwa kutegemea mshahara wa mtu aliyekutangulia miaka minne.

Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu baada ya saa 8 kwa siku. Huna haja ya kusubiri zifike 40 kwa wiki. Dereva wa dola 23 anayefanya saa 9 kwa siku tano anapata dola 920 za kawaida, pamoja na saa 5 za dola 34.50, jumla dola 1,092.50 kabla ya makato.

Nyongeza ya kila Agosti nayo naipata?

Nyongeza za jumla kwenye mkataba huu ni dola 7.50 kwa miaka mitano: 2.75 mwaka 2023, senti 75 mwaka 2024, senti 75 mwaka 2025, dola 1.00 mwaka 2026 na dola 2.25 mwaka 2027. Hizi ni za waliokwisha kufika kileleni. Wewe uliye kwenye ngazi unalipwa kile kilichoandikwa kwenye ngazi yako, basi.

Hata hivyo, nyongeza hizo hazipotei kwako. Zinapandisha kilele unachokiendea. Chama kilieleza kwamba kufikia mwisho wa mkataba wastani wa kiwango cha juu utakuwa kama dola 49 kwa saa. Kiwango chenyewe hutofautiana kidogo kutoka eneo hadi eneo, kwa hiyo uliza cha kwako.

Miezi hiyo inaanza kuhesabiwa lini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote humu. Miezi 12, 24, 36 na 48 huhesabiwa kutoka tarehe yako ya kuanza kama dereva wa muda kamili. Haihesabiwi kutoka siku uliyoomba kazi, wala siku uliyopokea barua, wala Januari. Na tarehe hiyo hiyo ndiyo inayokuweka mahali pako kwenye orodha ya ukongwe.

Katika viambatisho vingi, ukishamaliza siku za majaribio, tarehe yako hurudishwa nyuma hadi siku ya kwanza uliyofanya kazi katika kipindi hicho. Ikiandikwa siku uliyomaliza majaribio badala ya siku uliyoanza, umepoteza wiki kadhaa. Wiki hizo zitakufuata kila mwaka kwenye kila ngazi, na zinaweza kuwaweka mbele yako watu waliokuja baada yako.

Kwa hiyo fanya mambo matatu mapema. Andika tarehe ya siku yako ya kwanza barabarani na jina la msimamizi uliyekuwa naye. Tunza slipu zote za mshahara za miezi mitatu ya kwanza, na picha ya skrini ya saa ulizopiga. Na orodha ya ukongwe inapobandikwa ubaoni, nenda ukajitafute. Angalia jina pia. Sisi tunaotumia majina matatu mara nyingi tunageuzwa: jina la baba linakuwa la ukoo, au jina la kati linaangushwa. Jina la kwenye leseni, kwenye slipu na kwenye orodha lifanane. Orodha nyingi zina muda wa kuipinga, na ukiupitisha kimya, kuirekebisha kunakuwa kazi ngumu.

Kipindi cha majaribio ni cha muda gani, na kinawaangusha watu wapi?

Katika viambatisho vingi ni siku 30 za kazi, zikamilike ndani ya kipindi kilichotajwa. Hesabu ni ya siku ulizofanya kazi kweli. Siku za mapumziko hazimo.

Katika siku hizo kampuni inaweza kukuachisha, na huna njia ya kulalamika kama mwenye ukongwe. Ndiyo maana ajali ndogo, hata ya kugonga sanduku la barua wakati wa kurudi nyuma, inaweza kuondoa mtu aliyekuwa anafanya vizuri. Ajali za kurudi nyuma zinawaponza wapya kuliko nyingine. Ukiweza kuegesha mahali ambapo hutahitaji kurudi nyuma, egesha hapo hata kama utatembea hatua ishirini zaidi. Ukilazimika kurudi, shuka utazame kwanza.

Jambo la pili ni kukariri. Utatakiwa kusema kwa kichwa tabia tano za kutazama barabara na maelezo ya vipengele kumi vya uendeshaji, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi Nairobi au Bukavu anaweza kushindwa hapa kwa sababu ya maneno tu, wakati udereva anao. Anza kuyakariri kabla ya mafunzo, kwa sauti, mtu mwingine akikusikiliza. Ukiyasubiri hadi wiki yenyewe ya mafunzo, utakuwa unayasoma usiku ukiwa umechoka.

La tatu ni kasi. Katika mafunzo unapimwa kwa muda uliowekwa wa ruti moja. Wapya hupoteza muda ndani ya gari wakitafuta vifurushi, si barabarani. Kila unapokuwa na nafasi, panga rafu ya vituo vitano au sita vinavyofuata kwa mfuatano wa namba. Kukimbia kwenye ngazi za nyumba za watu hakukuokolei dakika za kutosha kufidia kifundo cha mguu kilichoteguka.

Niliajiriwa kwa msimu wa sikukuu. Miezi ile inahesabiwa?

Mara nyingi haihesabiwi. Viambatisho vingi vinaitenga miezi ya mwisho wa mwaka hadi katikati ya Januari, na siku za dereva wa msimu hazijengi ukongwe. Wanaopeleka vifurushi kwa gari lao binafsi pia ni wa msimu.

Unaloweza kufanya ni kuuliza swali moja kabla ya kukubali, kwa maandishi: nafasi hii ni ya msimu au ya kudumu? Na ukiitwa kubaki baada ya Januari, uliza tarehe yako mpya ni ipi. Wengi hubaki wakiendesha gari lile lile kwenye ruti ile ile na kudhani wanaendelea kuhesabiwa tangu Novemba, kumbe saa yao imeanza upya.

Nimepakia mizigo usiku kwa miaka minne. Nikienda kwenye udereva naanza upya?

Ndiyo na hapana, na inafaa uelewe vizuri kabla ya kutia sahihi.

Kwenye foleni ya madereva, tarehe inayokupanga ni ya siku uliyoingia muda kamili. Miaka yako ya patitaimu haikuweki mbele ya dereva aliyeanza mwaka jana pale ruti zinapogombewa. Ngazi ya mshahara ya udereva nayo unaianzia chini. Lakini ikiwa mshahara wako wa saa kule ndani ulikuwa juu ya dola 23, hushushwi: unabaki na kiwango chako mpaka ngazi ya udereva ikipite.

Miaka yako na kampuni haifutwi. Inaendelea kuhesabiwa kwenye mambo kama wiki za likizo. Kwa maneno mengine, utakuwa na tarehe mbili, ya kampuni na ya muda kamili. Zijue zote mbili kwa kichwa, maana msimamizi akikuuliza tarehe yako ukataja isiyo yenyewe, fomu itajazwa hivyo.

Faida yako kubwa ni mlango wenyewe. Katika maeneo mengi nafasi sita za udereva huenda kwa walio ndani kwa kila moja inayopewa mtu wa nje, na walio ndani hupangwa kwa ukongwe wao. Karatasi ya kuomba inapobandikwa, isaini hata kama unaona jina lako liko mbali. Walio juu yako hukataa mara nyingi: mmoja hana leseni safi, mwingine hataki kuacha kazi yake ya mchana.

Ukongwe unanipa nini hasa? Mbona sina ruti yangu?

Ruti ni za kugombewa. Ikipatikana wazi, hubandikwa, wanaoitaka huandika majina, na anayepewa ni mwenye tarehe ya zamani zaidi. Dereva mpya huwa hana ruti. Anazunguka: leo anashika nafasi ya aliye likizo, kesho ya aliyeumia, keshokutwa ruti iliyokatwakatwa asubuhi hiyo hiyo. Ni miaka migumu, kwa sababu kila siku unajifunza milango mipya, mbwa wapya na maghala mapya yenye saa zao za kufunga.

Ukongwe huo huo huamua wiki gani za likizo utachagua, siku zako za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa au Jumanne hadi Jumamosi, na nani anarudishwa nyumbani mzigo ukipungua. Wapya huchagua likizo mwisho, kwa hiyo Desemba na Julai sahau kwa muda. Kama una harusi au safari ya kwenda nyumbani Mombasa au Goma, panga kwa Februari au Septemba, na uiombe mapema.

Usidharau kugombea ruti mbaya. Ruti ya maghorofa yasiyo na lifti ambayo wazee wanaikwepa inaweza kukupa ruti ya kudumu miaka miwili kabla ya wenzako, na ruti ya kudumu inakupa ujuzi wa eneo, ambao ndio unaokurudisha nyumbani mapema.

Tulianza siku moja, watu wanne. Nani yuko mbele?

Kiambatisho chako kina kanuni ya kuamua, na kanuni hizo hazifanani. Uliza wiki hiyo hiyo, na uhakikishe imefuatwa kwenye orodha.

Nasikia kuna madereva wa daraja la pili wanaolipwa kidogo. Nitawekwa humo?

Hapana. Daraja hilo, lililoitwa 22.4 kwa namba ya kifungu chake katika mkataba wa 2018, lilifutwa na mkataba wa 2023. Waliokuwa humo waliingizwa kwenye orodha ya madereva wa kawaida. Anayekuambia habari zake leo anasimulia ya zamani.

Nimetimiza mwaka na slipu bado inaonyesha dola 23. Nifanye nini?

Hili hutokea sana, na sababu yake mara nyingi ni tarehe mbaya kwenye mfumo wa malipo, si ubaya wa mtu. Mshahara hulipwa kila wiki, na slipu ya wiki hii huonyesha kazi ya wiki iliyopita, kwa hiyo kwanza tazama slipu ya wiki nzima ya kwanza baada ya tarehe yako. Angalia mistari miwili: saa za kawaida ziwe dola 24.00, za ziada ziwe 36.00.

Kama siyo, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, kisha umtumie ujumbe wa maandishi wenye tarehe yako, kiwango unacholipwa na kiwango unachostahili. Siku inayofuata mwone mwakilishi wa chama na nakala ya slipu. Ukipewa ahadi ya "wiki ijayo" na wiki ijayo ikapita, andika malalamiko rasmi. Muda wa kuyapeleka ni mfupi, katika maeneo mengine ni siku chache tu za kazi, na ahadi ya mdomo ya msimamizi haiusimamishi. Kifungu cha 17 cha mkataba kinahusu malipo na makosa ya malipo. Kitaje kwenye fomu.

Kosa la ngazi ya tatu kwenda ya nne ndilo linalouma zaidi. Dereva anayestahili 30.75 lakini analipwa 25.00, kwa saa 45 kwa wiki, anapoteza zaidi ya dola 270 kila wiki. Wiki nne ni zaidi ya dola 1,000. Kwa hiyo tia alama ya mwezi wa 12, 24, 36 na 48 kwenye kalenda ya simu leo.

Ada ya chama ni kiasi gani? Ni lazima?

Ada ya mwezi ya Teamsters ni mara 2.5 ya mshahara wako wa saa. Kwa dola 23 ni dola 57.50 kwa mwezi, na inapanda pamoja nawe. Matawi mengi hutoza pia ada ya kujiunga, mara moja tu.

Katika majimbo kama Kentucky, Texas na Tennessee sheria inakuruhusu kutojiunga. Mkataba utakuhusu hata hivyo, na chama kinawajibika kukutetea. Ila asiye mwanachama hapigi kura ya mkataba, na mkataba ndio uliopanga kila namba iliyo juu hapa. Kwetu, ada hiyo inalipa. Louisville tawi ni namba 89.

Nimeitwa ofisini. Niende peke yangu?

Kama unahojiwa na unaona jambo linaweza kuishia kwenye adhabu, omba mwakilishi wa chama awepo kabla ya kujibu. Haki hii imesimama tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1975 katika kesi ya Weingarten. Kampuni haina wajibu wa kukukumbusha, lazima uiombe mwenyewe. Kwa anayejieleza kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani hii ni muhimu zaidi, kwa sababu "yes" ya heshima, ile tunayoitikia kuonyesha tunasikiliza, inaandikwa kama kukiri kosa.

Mzigo ukipungua, mimi ndiye wa kwanza kutoka?

Ndiyo, wa chini kwenye orodha hutangulia. Januari na Februari ndiyo miezi ya hatari, baada ya wimbi la sikukuu. Mara nyingi dereva aliyesimamishwa anaweza kupewa kazi ndani ya kituo, kwa hiyo usiondoke kimya. Uliza una haki ya kazi gani, na jibu kila simu ya kuitwa, kwa sababu kutoitikia wito kunaweza kuvunja ukongwe wako.

Zama hizi jambo hili si la nadharia. Januari 2025 UPS ilitangaza kupunguza mzigo wa Amazon kwa zaidi ya nusu kufikia katikati ya 2026, na imekuwa ikifunga vituo na kupunguza watu. Anayeingia sasa aweke akiba ya miezi miwili ya kodi ya nyumba kabla ya kitu kingine chochote.

Nikihamia jimbo lingine, nabeba ukongwe wangu?

Kwa kawaida hapana, si kwenye foleni ya ruti. Uhamisho wenyewe ni mgumu kupata, na ukiupata unaingia chini ya orodha ya kituo kipya. Ukiacha kazi kisha ukaajiriwa upya mahali pengine, unapoteza vyote, pamoja na ngazi ya mshahara. Aliyebakiza miezi minane kufika kileleni afikirie mara mbili kabla ya kumfuata ndugu yake Minnesota.

Amazon na FedEx nao wana ngazi kama hizi?

Dereva anayevaa sare ya Amazon kwa kawaida ameajiriwa na mkandarasi mdogo, na FedEx Ground nayo imejengwa juu ya wakandarasi. Mshahara, likizo na nani anapewa ruti hutegemea mkandarasi huyo, na akipoteza kandarasi, miaka yako kwake haikupi chochote kwa anayemfuata. Mshahara wao wa kuanza unaweza kukaribia dola 23 za UPS, ndiyo maana ulinganisho wa wiki ya kwanza hudanganya. Linganisha mwaka wa tano, na ujumlishe bima ya afya: dereva wa muda kamili wa UPS hakatwi mchango wa kila mwezi wa bima.

Nahitaji leseni gani, na Kiingereza kiasi gani?

Leseni ya kawaida ya jimbo inatosha kwa gari la vifurushi. Utahitaji pia cheti cha afya cha udereva cha serikali kuu, kwa sababu magari mengi haya yanazidi paundi 10,000. Cheti hicho hudumu miezi 24 kwa muda mrefu zaidi, na mwenye shinikizo la damu au kisukari anaweza kupewa kifupi. Kikiisha huruhusiwi kuendesha, kwa hiyo panga kipimo mwezi mmoja kabla.

Kanuni ya usalama ya serikali kuu, 391.11, inamtaka dereva wa gari la biashara la uzito huo azungumze na kusoma Kiingereza kiasi cha kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya askari na kujaza ripoti. Tangu 2025 inasimamiwa kwa ukali zaidi. Jizoeze maswali ya askari hasa: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeanza kazi saa ngapi. Hilo la mwisho lijibu kwa saa za Kiingereza. Saa mbili asubuhi yetu ni saa nane kwao, na kwenye ripoti ya saa za kazi kosa la saa sita linaonekana kama uongo.